Viza ya A mkononi, safari imekwama kaunta: Dar es Salaam hadi São Paulo kwa njia ya Amsterdam na Lisbon

Mume na mke wanaishi Dar es Salaam. Mke ni Mtanzania. Mume ni raia wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mwenye kibali halali cha kuishi Tanzania. Wanakwenda São Paulo kutazama mashine za kusindika vyakula, na wote wawili wameshagongewa viza za Brazili. Tiketi wamenunua mtandaoni kwa wakala wa bei nafuu: KLM kutoka Dar es Salaam hadi Amsterdam, kisha TAP kutoka Amsterdam hadi Lisbon, kisha TAP tena hadi São Paulo. Kurudi ni njia hiyohiyo. Ulaya hawana shughuli nayo. Wanataka kungoja ndege tu.

Hawa wawili si watu fulani. Tumekipanga kisa ili makosa yanayowapata wasafiri wengi, kila mmoja kwa wakati wake, yaonekane kwenye safari moja.

Wote walisoma kabla ya kusafiri. Mke alisoma kwamba Mtanzania hayumo kwenye orodha ya wanaotakiwa kuwa na viza ya transiti, yaani ya kubadili ndege bila kuingia nchini, katika viwanja vya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zisizokaguana mipakani. Ni kweli. Mume alisoma kwamba Mkongomani yumo. Ni kweli pia, na hakupuuzia: aliomba viza ya transiti ya Uholanzi, aina ya A, akapewa ya kupita mara moja. Siku ya safari, katika Jengo la Tatu la Abiria la uwanja wa Julius Nyerere, karani anaingiza pasipoti zao kwenye mfumo, anasoma, anaita msimamizi, kisha anawaambia hawawezi kupanda. Wote wawili: mwenye viza, na asiyehitaji viza.

Mke atabisha kwa haki zote kwamba Watanzania hupita Amsterdam kila siku bila viza. Wanapita, ila si kwa tiketi ya namna hii.

Swali lililowaponza

Wasafiri wengi huanza na uraia: raia wa nchi gani anahitaji viza ya transiti? Hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: katika safari nzima, kuna mahali nitalazimika kusimama mbele ya afisa wa mpaka kabla sijafika ninakokwenda? Jibu likiwa ndiyo, mambo ya transiti yameishia hapo. Unaingia nchini, hata kama ni kwa saa mbili, na unahitaji viza ya kuingia kama mtalii yeyote. Jibu likiwa hapana, ndipo orodha za uraia zinapoanza kuwa na maana.

Katika safari yao jibu ni ndiyo, na sababu ni kile kipande kifupi cha Amsterdam hadi Lisbon. Uholanzi na Ureno zote ni Schengen, eneo la nchi 29 ambazo kati yake hakuna ukaguzi wa kawaida wa mpaka. Ndege ya kutoka Amsterdam kwenda Lisbon, kwa macho ya sheria za mpaka, ni ya ndani, kama ya Dar es Salaam kwenda Mwanza. Huwezi kupanda ndege ya ndani kabla hujaingia nchini. Kwa hiyo mpaka wa Ulaya kwao uko Amsterdam wanapokwenda na uko Lisbon wanaporudi, na katika kila mmoja wanahitaji viza ya muda mfupi, aina ya C.

Ukifika Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam, unaliona jambo hili kwa macho. Uwanja una jengo moja la abiria, lakini ndani yake umegawanyika. Milango ya E, F na G ni ya ndege za nje ya Schengen. B na C ni za ndani. D inatumika kwa pande zote mbili. Anayetoka Dar na kuendelea moja kwa moja São Paulo kwa KLM anashukia upande wa nje na kupandia upande huohuo. Anaweza kukutana na ukaguzi wa usalama, lakini ule ni wa mizigo na mwili, hauhusiani na mpaka. Anayekwenda Lisbon lazima avuke upande wa pili, na katikati kuna vibanda vya pasipoti vya Koninklijke Marechaussee, polisi wa kijeshi wanaolinda mpaka wa Uholanzi pale uwanjani. Viza ya A haikuvushi kwenye kibanda kile. Kutohitaji viza ya A hakukuvushi pia.

Jambo la kukumbuka hapa: Uswisi na Norwei hazimo katika Umoja wa Ulaya lakini zimo Schengen. Ayalandi imo katika Umoja lakini haimo Schengen. Uingereza haimo popote kati ya hizo mbili. Romania na Bulgaria, ambazo watu bado huzihesabu nje, ziliondoa ukaguzi kwenye viwanja vya ndege kwa safari za ndani ya Schengen tangu tarehe 31 Machi 2024. Anayehesabu viwanja vya Schengen kwenye tiketi yake asitumie ramani ya Umoja wa Ulaya.

Tiketi mbili zilizovaa sura ya moja

Hata kama Lisbon isingekuwepo, wangekuwa na tatizo jingine. KLM na TAP wako katika miungano tofauti ya mashirika, na mawakala wengi wa bei nafuu huunganisha vipande kama hivi kwa kununua tiketi mbili tofauti na kuzionyesha kwenye ukurasa mmoja. Dalili zake ziko kwenye barua ya uthibitisho: namba mbili za bukingi, au maneno yanayosema abiria atachukua mizigo mwenyewe na kujiandikisha upya.

Maana yake ni kwamba begi litapewa lebo ya AMS, yaani Amsterdam, si GRU, yaani Guarulhos, uwanja wa São Paulo. Mikanda ya kuchukulia mizigo iko baada ya kibanda cha pasipoti. Msafiri asiye na viza ya C hawezi kulifikia begi lake. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na Amsterdam peke yake kwenye njia, bila uwanja wa pili wa Schengen, na bado akakataliwa Dar. Mwenye begi la mkononi tu na pasi ya kupandia ndege ya pili aliyokwisha kuichapisha anaweza kupona, lakini hilo linategemea kama shirika la pili limemkagua viza zake mtandaoni. Kwa pasipoti zetu mara nyingi mfumo hukataa na kumwelekeza kaunta, na kaunta ile iko nje ya mpaka. Tusingemshauri mtu ategemee njia hiyo.

Orodha ya nchi kumi na mbili

Sasa uraia. Kanuni ya viza ya Umoja wa Ulaya, namba 810 ya mwaka 2009, katika kiambatisho chake cha nne, inataja nchi 12 ambazo raia wake wanahitaji viza ya A hata kama hawatoki eneo la transiti, na hata kama wapo pale kwa dakika arobaini: Afghanistan, Bangladesh, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Eritrea, Ethiopia, Ghana, Iran, Iraki, Nijeria, Pakistani, Somalia na Sri Lanka. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi hazimo. Kongo-Brazzaville haimo, na wapo makarani wanaochanganya Kongo hizi mbili, kwa hiyo mwenye pasipoti ya Brazzaville afike kaunta mapema.

Hiyo ni orodha ya pamoja. Kanuni inairuhusu kila nchi mwanachama kuongeza mataifa yake, na kadhaa zimefanya hivyo. Kwa hiyo anayepita Paris aangalie orodha ya Ufaransa, anayepita Frankfurt aangalie ya Ujerumani. Kusema "Schengen hawataki" bila kutaja uwanja ni jibu nusu.

Kinachohesabiwa ni pasipoti, si makazi. Mume ameishi Dar miaka mingi na kibali chake kiko sawa, lakini mbele ya kanuni hii yeye ni Mkongomani. Kibali kilimsaidia jambo moja, nalo si dogo: maombi hupelekwa mahali unapoishi kihalali, hivyo aliomba akiwa Dar es Salaam badala ya kurudi Kinshasa.

Viza ya A ilivyopatikana, na ilipopungua

Mume alifanya maombi vizuri kuliko wengi. Ubalozi unapoamua viza ya A hukagua mambo machache: pasipoti si ya bandia, safari ina mantiki kutoka mwanzo hadi mwisho, na kuna ushahidi wa kuendelea, yaani tiketi na viza ya nchi ya mwisho. Bima ya matibabu ya angalau yuro 30,000, ambayo anayeomba C hudaiwa, kanuni haimdai anayeomba A. Ada ni sawa kwa zote mbili: yuro 90 kwa mtu mzima tangu tarehe 11 Juni 2024, ukiacha malipo ya kituo cha kupokelea maombi. Maombi hupokelewa mapema hadi miezi sita kabla ya safari na yasichelewe zaidi ya siku 15 kabla yake. Uamuzi hutolewa ndani ya siku 15, na unaweza kuvutwa hadi 45. Alama za vidole zikichukuliwa hutumika tena kwa miezi 59.

Alipopeleka maombi alikuwa na bukingi nyingine, ya KLM moja kwa moja kutoka Amsterdam hadi São Paulo, isiyolipiwa bado. Viza ikatoka kwa njia hiyo. Baadaye akaona nauli nafuu ya kupitia Lisbon, akanunua. Kuanzia dakika ile viza yake na tiketi yake zilikuwa zinazungumzia safari mbili tofauti. Hili ni kosa la kawaida sana, na linaeleweka, kwa sababu kila mtu anaambiwa asilipie tiketi kabla ya viza kutoka. Ushauri ule ni mzuri kwa sharti moja: utakayoilipia iwe na viwanja vilevile.

Kosa la pili limejificha kwenye herufi ndogo ya stika. Bukingi aliyopeleka ilikuwa ya kwenda tu. Akapewa ruhusa ya kupita mara moja. Kwenda São Paulo kupitia Amsterdam ni transiti ya kwanza, kurudi ni ya pili. Viza ya A hutolewa ya mara moja, mbili au nyingi, na anayetaka kurudi kwa njia ileile lazima aombe angalau mbili na aonyeshe tiketi ya kurudi. Hata kama karani wa Dar angempitisha, angekwamia Guarulhos, na kukwama São Paulo ni ghali kuliko kukwama nyumbani.

Na kama wangetaka kubaki na njia ya Lisbon? Wangeomba C wote wawili, ya kuingia mara mbili: mara ya kwanza Amsterdam, ya pili Lisbon wakirudi. Ombi lingekwenda Uholanzi, kwa sababu kwa wapitaji nchi yenye kuamua ni ile ambayo mpaka wake wa nje unavukwa kwanza. Ni viza kamili, yenye kuuliza akiba ya benki, kazi na sababu za kurudi, kwa ajili ya kunywa kahawa Lisbon. Kwa hesabu yoyote, tofauti ya nauli haifidii usumbufu huo.

Viza ya nchi nyingine inapokuwa ufunguo

Kanuni ileile inamsamehe Mkongomani viza ya A katika hali kadhaa. Mwenye viza halali ya Schengen au kibali cha kuishi katika nchi mwanachama amesamehewa. Mwenye viza halali ya Canada, Japani au Marekani amesamehewa pia, iwe anakwenda nchi iliyoitoa au nchi nyingine yoyote ya tatu (isiyo mwanachama), au anarudi kutoka nchi iliyoitoa baada ya kuitumia. Wapo pia wenye vibali fulani vya kuishi vya nchi hizo, wenye pasipoti za kidiplomasia, na wanafamilia wa raia wa Umoja wa Ulaya.

Kwa hiyo mume angekuwa na viza ya Canada isiyoisha muda kwenye pasipoti yake, asingeihitaji A kwa safari ya São Paulo. Lakini maneno yale yasomwe polepole. Viza ya Canada ikiisha akiwa bado Brazili, akirudi hana tena msamaha: haiko hai, na yeye harudi kutoka Canada.

Viza ya Uingereza haimo kwenye msamaha huu. Ilikuwemo Uingereza ilipokuwa mwanachama wa Umoja, na bado ushauri wa zamani unazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya wasafiri. Viza ya Ayalandi, kwa kuwa Ayalandi ni mwanachama asiyeshiriki Schengen, inahesabika.

London si kichochoro cha kutorokea

Akikwama Amsterdam mtu hufikiria London. Kwa familia hii ingekuwa mbaya zaidi. Uingereza ina orodha yake ya wanaohitaji viza ya kupita hata bila kuvuka mpaka, nayo imewataja Watanzania, Wakenya, Waganda, Wanyarwanda, Warundi na Wakongomani wa Kinshasa. Mke, aliyekuwa huru Schiphol, angehitaji viza Heathrow. Msamaha upo kwa mwenye viza halali ya Marekani, Canada, Australia au New Zealand, na kwa baadhi ya vibali vya kuishi. Kuvuka mpaka, kwa mfano kufuata begi au kuhamia uwanja mwingine kama Gatwick, kuna masharti magumu zaidi, likiwemo kwamba ndege ya kuondoka iwe kabla ya saa sita usiku wa siku inayofuata ile ya kuwasili.

Kupitia Miami au New York hakuna transiti ya bure kwa yeyote anayehitaji viza. Marekani ilisitisha mpango wake wa kupita bila viza Agosti 2003, na kila abiria anayetua huko, hata wa kubadili ndege, hupitia uhamiaji.

Njia iliyokuwa rahisi tangu mwanzo iko karibu: Ethiopian huruka Addis Ababa hadi São Paulo, Qatar Airways huruka kutoka Doha, Emirates kutoka Dubai, Turkish kutoka Istanbul, na wote wanne wanafika Dar es Salaam. Kwa tiketi moja, begi likiwa na lebo ya hadi GRU na msafiri akibaki ndani ya eneo la transiti, wote wawili wasingehitaji viza njiani.

Pale kaunta, ndege haijaondoka

Karani hana ukatili. Anasoma Timatic, hifadhidata ya IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, inayopewa uraia, aina ya hati, viwanja vya kupita na mwisho wa safari, nayo hutoa jibu. Nyuma yake kuna faini: maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2001 yanazitaka nchi wanachama zilitoze shirika lililobeba abiria asiye na hati kiasi ambacho kiwango cha juu kisipungue yuro 5,000, au cha chini kisipungue 3,000, kwa kila abiria. Kubishana naye kuhusu haki ya Mtanzania hakubadilishi kilichoko kwenye skrini. Kinachoweza kubadilika ni njia.

Viza ya A ya mume bado ni nzima. Wakihamishiwa KLM ya Amsterdam hadi São Paulo, kwa tiketi moja na begi la moja kwa moja, yeye anapita kwa viza yake na mke anapita bila kitu. Kurudi wasiweke Amsterdam, maana ile ruhusa moja itakuwa imetumika. Wakate kurudi kupitia Addis Ababa au Ghuba. Ni nauli mpya, na inauma, lakini safari inaondoka.

Fidia ya kukataliwa kupanda hawana. Kanuni ya Ulaya ya haki za abiria inawahusu wanaopanda shirika la Ulaya kwenda Ulaya, ila imewaacha nje waliokataliwa kwa kukosa hati sahihi. Nauli hufuata masharti ya tiketi. Kodi za viwanja ambazo hazikutumika mara nyingi zinaweza kudaiwa. Jambo la haraka zaidi ni kuwapigia TAP, au wakala, kabla ndege ya Amsterdam hadi Lisbon haijaondoka. Abiria asipotokea kwenye kipande cha kwanza cha tiketi, vipande vinavyofuata hufutwa vyenyewe, pamoja na vya kurudi, na baada ya hapo hata kile kilichokuwa kinaweza kubadilishwa kwa ada hakibadilishiki.

Wakishafika Schiphol bado kuna tego moja. Ndege ya São Paulo ikifutwa, mfumo wa shirika hutafuta nafasi ya kwanza inayopatikana, na mara nyingi nafasi hiyo huwa kupitia Paris, Madrid au Lisbon. Pasi mpya ya kupandia ndege inaweza kutoka kwenye mashine bila mtu yeyote kuuliza viza. Waikatae, waende dawati la kubadili ndege na waseme wazi kwamba hawana viza ya Schengen, hivyo wanahitaji ndege ya moja kwa moja kutoka Amsterdam au njia ya kiwanja kilicho nje ya Schengen. Vivyo hivyo kwa hoteli: vocha ya hoteli ya mjini haitawafaa. Waombe nafasi katika hoteli iliyo ndani ya eneo la transiti upande wa nje ya Schengen, kwa sababu Schiphol ina vyumba vya namna hiyo, na wafanye hivyo mapema, maana abiria wengine wasio na viza waliofutiwa ndege usiku huo watavitafuta vyumba vilevile.